Sifuri Anakaa Wapi?

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni kwa shangazi yake, akanawa mikono, akanywa maji kikombe kizima bila kupumua, kisha akaanza kuongea. Hilo la mwisho ndilo lililompatia jina. Alikuwa na jina lake rasmi, la kuitwa darasani, lakini hata walimu wake walishaanza kulisahau. Mdomo wa binti huyu haukujua likizo.

Shangazi yake aliendesha chekechea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Watoto walikuwa wadogo, wa miaka minne na mitano, wale ambao wazazi wao hutoka kazini jioni. Asubuhi shangazi aliwafundisha peke yake. Alasiri, wakati anaosha vikombe vya uji na kufagia ua, Chiriku alimshikia darasa kwa mchezo wa hesabu.

Mchezo wenyewe ulikuwa hadithi. Shangazi aliubuni mwenyewe na kuushona kwa mikono yake. Alitandika mkeka uliochorwa nyumba kwa rangi, yenye ukumbi, jiko na chumba cha kulala, na pembeni akaweka boksi la wanasesere wa vitambaa walioitwa wageni. Mgeni mmoja anabisha hodi, watoto wanaitikia karibu. Anakuja mwingine, na nduguye mgongoni. Sasa ndani wamo wangapi? Watoto wanahesabu kwa vidole, wanabishana, wanasukumana, wanapata jibu. Hapo wameshajumlisha, na wala hawana habari kwamba wamesoma.

Kwenye kutoa ndiko kulikokuwa na sharti. Mgeni akiondoka, lazima aage, na lazima aseme anakwenda wapi. Huyu anafuata chumvi dukani, yule anarudi kwao kwa sababu amesahau kufunga mlango. Shangazi alikuwa mkali kwa jambo hilo. Alimweleza Chiriku kwamba mtoto mdogo akiona mtu anaondolewa tu na kutupwa kwenye boksi, hahesabu tena waliobaki. Anabaki kumuwaza yule aliyeondoka. Chiriku aliitikia, ndiyo shangazi, nimeelewa shangazi. Liliingia sikio hili likatokea la pili.

Mwanzoni alifuata. Lakini kuaga kwa wageni kunakula muda, na nje wenzake walikuwa wanacheza netiboli, kelele zao zinaingia dirishani. Akaanza kufupisha. Wageni wawili wakawa wanaondoka kwa mpigo, hakuna kwaheri wala nini, moja kwa moja kwenye boksi. Watoto waliuliza wamekwenda wapi. Wakauliza tena. Watoto wa umri huo wakishika swali, utawapa chote ulicho nacho wakuachie.

Siku moja anga lilikuwa zito, umeme umekatika, na chumba kilikuwa na giza la alasiri ambalo si usiku wala si mchana. Watoto walikuwa wasumbufu kupita kiasi. Chiriku akachukua chaki, akachora duara kubwa ubaoni. Hakuwa amepanga lolote, maneno yalimtoka tu.

"Huyu anaitwa Sifuri," alisema. "Hana macho, hana masikio. Ana mdomo tu. Kila anayetolewa anaingia humu."

Watoto wakatulia tuli kama maji mtungini. Mvulana mmoja mnene, ambaye wenzake walimwita Bonge, aliuliza kwa sauti ndogo Sifuri anakaa wapi. Chiriku akatupa jicho dirishani. Ng'ambo ya barabara mafundi wa ujenzi walikuwa wamelaza mabomba makubwa ya zege ndani ya mtaro mpya, ya kupitishia maji ya mvua chini ya barabara. Yalikuwa ya mviringo, meusi ndani. Akaonyesha kwa chaki, akasema anakaa mle. Vichwa vyote viligeuka kuangalia, na hakuna aliyecheka.

Chiriku alifurahi sana. Kwa mara ya kwanza alimaliza mchezo mapema na kuwahi netiboli. Kesho yake alimwita Sifuri tena, na siku zilizofuata hakuwa na haja hata ya kusema. Alichora duara tu, chumba kizima kikanyamaza.

Katika watoto hao alikuwamo binti mdogo kuliko wote, mwembamba, aliyeitwa Kitufe kwa sababu muda wote vidole vyake vilikuwa vimeshika kifungo cha juu cha sweta lake. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja kumchukua akiwa na miwani ya kazi kwenye paji la uso. Zamani kidogo alikuwa anakuja mama yake. Sasa mama haonekani, na fundi hakuwa mtu wa kueleza mambo yake. Alasiri moja, wenzake wakivaa viatu, Kitufe alimsogelea Chiriku na kumuuliza.

"Dada, moja kutoa moja ni ngapi?"

Chiriku alikuwa anafunga kamba za raba, mawazo yote yako uwanjani. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba ni sifuri, hata mbuzi anajua. Alipoinua kichwa, mtoto alikuwa bado amesimama, anamwangalia, na kile kifungo kimekatika na kubaki mkononi mwake. Uzi ulikuwa unaning'inia.

Kuanzia hapo nyumba ile ilibadilika. Kwanza yalionekana maduara. Shangazi alifungua mlango akakuta duara la chaki kwenye kizingiti. Alifuta, likatokea jingine chini ya dirisha, jingine nyuma ya mlango wa choo. Ndani ya kila duara kulikuwa na kitu kidogo: kipande cha mkate, punje za mahindi, mara moja jino la mtoto lililong'oka. Halafu wageni walianza kupungua kwenye boksi. Chiriku alilipekua mpaka chini, akalipindua. Waliobaki walikuwa wachache, na walikuwa wamefungwa uzi kiunoni, mmoja kwa mwingine, kama watu wanaoogopa kupotezana.

Na watoto hawakukubali tena kuhesabiwa. Kila jioni kabla ya kuwakabidhi kwa wazazi, shangazi huwapanga na kuwagusa vichwa, moja, mbili, tatu. Sasa akifika katikati wanahama. Hawachezi, hawacheki. Wanahama kimyakimya, wakibadilishana nafasi, mpaka anapoteza hesabu na kuanza upya. Mtoto wa muuza maziwa alianza kukojoa kitandani, akahamishwa. Mwingine naye hakuonekana tena. Mama mmoja alimvuta shangazi pembeni na kumnong'oneza kwamba nyumba hii ina mambo, atafute wa kuisafisha.

Chiriku mwenyewe alianza kuingiwa na baridi. Alasiri moja alirudi kutoka kumwaga takataka, akakuta watoto wako uani na shangazi, chumba kitupu, pazia limetulia. Kwenye kigoda anachokalia kusimulia, mtu alikuwa amechora duara. Akasimama kulitazama. Ndipo aliposikia sauti ikitoka kwenye stoo ya magodoro, sauti nyembamba isiyo na haraka.

"Tano. Nne. Tatu. Mbili. Moja."

Ikanyamaza. Kisha ikaanza tena kutoka tano, ikashuka mpaka moja, na hapo ikakatika, kana kwamba mwenye sauti amefika ukingoni na hataki kutia mguu. Chiriku alijua vizuri ni namba gani inayofuata baada ya moja. Alitoka mbio, akaenda kusimama karibu na shangazi.

Jioni hiyo shangazi alimkalisha jikoni. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema wazazi wakiendelea kuwaondoa watoto itabidi afunge, na hajui afanye nini kingine katika maisha yake. Akamuuliza kama anajua watoto wameyatoa wapi mambo haya. Chiriku alihisi maneno yamejaa mdomoni. Yeye anayeongea mpaka na kuku, alimeza yote na kujibu kwamba hajui. Usiku hakulala vizuri.

Siku iliyofuata mvua ilianza kunyesha mchana, nyembamba, halafu ikakaza. Wazazi waliwahi na miavuli na magunia kichwani. Shangazi akawapanga watoto. Safari hii hawakuhama. Walisimama kila mmoja mahali pake, kimya, wanaangalia sakafu, wakahesabiwa vizuri kabisa. Alipungua mmoja.

Fundi wa kuchomelea alikuwa mlangoni, anachuruzika maji. Aliuliza binti yake yuko wapi. Shangazi alifungua stoo, akaangalia chooni, uani, chini ya meza. Aliita mpaka sauti ikapasuka. Fundi alitoka akazunguka nyumba, akarudi, na sasa miwani yake ilikuwa mkononi. Wazazi wengine walianza kuulizana nani alimwona mwisho. Ndipo Bonge aliposema, bila kulia, kama mtu anayetaja jambo la kawaida.

"Kaenda kwa Sifuri."

Hakuna mtu mzima aliyeelewa. Mmoja alisema huo ni upuuzi wa watoto, waende wakaulize dukani. Wengine wakaanza kutoka kuelekea dukani, upande ule ambao si wenyewe. Chiriku aliwaona wakienda. Alijua akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe kwamba Sifuri ni wake. Alijua pia kwamba nje maji yanajaa mtaroni. Mdomo ukafunguka.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia. Nilisema Sifuri anakula watu, na kwamba anakaa kwenye mabomba yale ng'ambo. Na Kitufe aliniuliza moja kutoa moja, nikamwambia sifuri."

Fundi alimgeukia taratibu. Alisema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba mama wa Kitufe hayupo nyumbani, na yeye hajamwambia mtoto kitu. Mtoto alikuwa na mama mmoja, akaamka akakuta hayupo. Kisha fundi akakimbia, na wote wakamfuata.

Mtaro ulikuwa umeshaanza kubeba maji, ya rangi ya chai, yenye majani na vipande vya karatasi. Fundi aliruka ndani, akainama kwenye mdomo wa bomba na kuita jina la binti yake. Bomba lilimrudishia sauti yake mwenyewe, nene, ya mtu mwingine. Aliita tena. Mle ndani kulikuwa na giza tupu na harufu ya zege bichi. Kisha, kutoka mbali, ikaja ile sauti nyembamba: tatu, mbili, moja. Shangazi alijishika mdomo.

Fundi alijaribu kuingia akakwama mabegani. Alikuwa mtu wa kifua kipana. Alijisukuma mpaka shati likachanika, haikusaidia. Chiriku alishavua viatu. Hakuna aliyemtuma. Alipita chini ya mkono wa fundi, akaingia kwa magoti, maji yakimfika mapajani, mikono ikipapasa ukuta unaoteleza. Aliogopa kweli kweli. Alijua hakuna Sifuri, alimtunga yeye mwenyewe kwa chaki yake mwenyewe, na bado kila alipotambaa alihisi kitu kinafungua mdomo mbele yake.

Alimkuta Kitufe katikati, chini ya barabara, amechuchumaa mahali ambapo bomba moja limeungana na jingine na kuacha ukingo mdogo wa zege. Pembeni yake, juu ya ukingo huo, walikuwa wamepangwa wageni waliopotea kwenye boksi. Mtoto alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Hakuonekana kushtuka.

"Hawa nimempa Sifuri amrudishe mama," alisema. "Mama bado sijamwona. Ngoja kwanza."

Chiriku alilia hapo hapo. Alimwambia kwamba hakuna Sifuri, kwamba alidanganya, alitaka wanyamaze ili akacheze. Kitufe alimsikiliza mpaka mwisho, akafikiri, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa linamsubiri tangu mwanzo. Kama Sifuri hayupo, mama yuko wapi?

Chiriku hakujua. Majibu mazuri yalimjia mbio, kama kawaida yake: mama amesafiri, mama yuko sokoni, mama anakuja kesho na zawadi. Lolote kati ya hayo lingemtoa mtoto mle ndani sasa hivi. Maji yalipanda. Akafumba mdomo, akageuza kichwa, akapiga kelele kuelekea kwenye mwanga mdogo wa nje kwamba Kitufe anauliza mama yake yuko wapi, na yeye Chiriku hajui, baba amwambie.

Halafu sauti ya fundi ikaja kupitia bombani, na sasa haikuwa nene tena.

"Mama yuko hospitali, mwanangu. Anaumwa kifua. Walimchukua ukiwa umelala, akakataza nisikuamshe. Anakunywa dawa. Daktari anasema atapona, lakini inachukua muda. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utalia."

Kitufe akaanza kulia, kilio cha kawaida kabisa cha mtoto, cha kamasi na kwikwi, na akamnyooshea Chiriku mikono. Chiriku alimbeba kifuani, akarudi kinyumenyume, maji yakimsukuma, mpaka mikono ya fundi ikawakamata wote wawili kwa pamoja na kuwavuta nje. Wageni wa kitambaa walibaki mle ndani. Hakuna aliyewakumbuka.

Chiriku alisubiri kipigo, na hakikuja. Alipokwishabadilishwa nguo, shangazi alimwambia kwamba kesho atawaeleza watoto na wazazi wao, yeye mwenyewe, kwa mdomo huo huo. Ilikuwa kazi nzito kuliko kuingia bombani. Mama mmoja alimwambia maneno makali, akayapokea. Watoto ndio waliokuwa wagumu zaidi. Hawakuamini. Walitaka kuhakikisha, kwa hiyo siku jua lilipowaka na mtaro kukauka, shangazi aliwapeleka wakapiga tochi ndani ya bomba na kupiga mayowe. Waliona tope na kopo la rangi; wageni walishachukuliwa na maji. Bonge alitangaza kwamba Sifuri ni pale ambapo hapana kitu, basi, na hesabu zikaendelea. Watoto walioondolewa walirudi, mmoja baada ya mwingine, isipokuwa yule wa muuza maziwa.

Shangazi alishona wageni wapya, na safari hii Chiriku ndiye aliyejaza pamba. Walipokuwa wanashona, shangazi alimwambia alilokuwa nalo moyoni.

"Mimi sikukasirika kwa sababu ulitunga hadithi. Mtu anayefundisha watoto lazima atunge. Nilikasirika kwa sababu ulipoona wanaogopa, ulifurahi. Na nilipokuuliza, ulinidanganya kwamba hujui, ukaniacha nipapase gizani. Mtoto anakuamini mzima mzima, mwanangu, hana akiba. Ukimwambia kitu, anakwenda kukitafuta kwa miguu yake. Na siku usiyojua jibu, sema sijui. Ulisema hivyo mle ndani, na ndiyo maana mko hai wote wawili."

Fundi naye alisikia, kwa sababu alikuwa amekuja kumchukua binti yake na alisimama mlangoni. Akasema maneno hayo yanamhusu na yeye, na kwamba kesho hafungui karakana, anampeleka mtoto hospitali, kama dada Chiriku atapenda kuwasindikiza.

Wodi ya wagonjwa wa kifua ilikuwa nyuma kabisa, na watoto hawaruhusiwi kuingia. Muuguzi aliwaonyesha dirisha la upande wa bustani. Mama wa Kitufe alikuja taratibu mpaka kwenye kioo, amekonda, kitambaa kimefunika mdomo na pua, macho tu ndiyo yanaonekana. Chiriku alihofu mtoto atashtuka kumwona hivyo. Fundi alimpandisha binti yake mabegani. Mama aliweka kiganja kwenye kioo, na Kitufe akaweka chake upande wa huku.

Kisha Kitufe akagusa kichwa cha baba yake, akajigusa mwenyewe, akagonga kioo kwa kidole.

"Watatu," alisema.